Conflict, war, fight, struggle, dispute: uweke gani mu raporo ya Kingereza?

Mu Kifaransa yetu ya huku Bukavu neno "conflit" linabeba kila mzigo. Bibi na bwana hawaelewani, conflit. Ndugu wawili wanagombania parseli kule Panzi, conflit. Vikundi vya silaha vinapigana milimani, conflit, ata watu wa biro moja wasiosalimiana asubuhi, conflit tu. Halafu mtu anapata kazi ku ONG (NGO ya Kingereza), wanamwambia raporo ni mu Kingereza, yeye anachukua lile lile neno, anachomeka "c" moja katikati, conflict, anatuma. Kisarufi hakuna kosa. Shida iko kwa yule anayepokea: mtu wa Nairobi ao London akisoma "there was a conflict at Kadutu market" anaelewa kuna silaha, anaanza kupiga simu kuuliza kama ekipe iko salama, kumbe ni wamama wawili wa makala walirushiana maneno ju ya fasi ya kupanga mifuko yao.

Kingereza iko na maneno mingi kwa haya mambo na kila moja linamfunulia msomaji kitu kabla ata hajafika mwisho wa sentensi: ni mdomo, ni mkono ao ni bunduki, ni dakika tano ao ni miaka, na kama pande zote mbili zilipiga. Nitayaweka mawili mawili ao matatu matatu, maana mtu akiandika hakwami ju hajui maneno, anakwama ju anajua mawili na hajui gani ndiyo yake.

War na conflict

Wengi wanafikiri "war" ni vita kubwa na "conflict" ni vita ndogo. Hapana. Tofauti iko zaidi kwa nani anaongea. Mwananchi, mwanasiasa, mtu wa historia, wale watasema "war": First Congo War ni ya 1996 mpaka 1997, Second Congo War ni ya 1998 mpaka 2003, na hayo ni majina kabisa ndiyo maana yanaandikwa na herufi kubwa. Mwanasheria na mtu wa ONG wao watasema "armed conflict", na iko na sababu. Zamani nchi iliweza kupigana na jirani huku inakana, eti siye hatujatangaza vita, kwa hiyo sheria za vita hazituhusu. Mikataba ya Geneva ya 1949 ikafunga huo mlango, ikasema inahusu vita iliyotangazwa "or of any other armed conflict", ata kama upande mmoja hautaki kuita vile vita. Na kifungu cha 3 kikaingiza mapigano ya ndani ya nchi moja. Toka hapo "armed conflict" ni neno la sheria, na ukilitumia umeingia mu sheria utake usitake.

Lina mpaka wake pia. Protokoli ya pili ya mikataba hiyo, ya 1977, inasema wazi kwamba fujo za ndani, watu kurusha mawe, jeuri ya hapa na pale isiyoendelea, hiyo haiitwi armed conflict. Kwa hiyo maandamano yakiharibika pale Place Mulamba, mataili yakachomwa na maduka yakafungwa, uandike "unrest", na kama watu walivunja na kupora uandike "riot". Usiweke conflict, ju yule avoka wa ku ofisi kuu atakuuliza ni kundi gani la silaha lilikuwepo na hautakuwa na jibu.

Sasa usije ukaenda kufuta kila "war" ukaweka "conflict", kuna maneno yameshaoana. Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa na CPI, ile mahakama ya kimataifa ya jinai kule La Haye, mwaka 2012 kwa "war crimes", ya kuingiza watoto mu jeshi lake, na hakuna mtu anayesema "conflict crimes" ata kama mu hukumu yote majaji wanaongea armed conflict. "Weapon of war" vile vile. Kamati ya Nobel ilipompa Dokta Mukwege wetu wa Panzi ile tuzo ya amani ya 2018, yeye na Nadia Murad, sababu iliyoandikwa ilisema ukatili wa kingono "as a weapon of war and armed conflict", wakaweka yote mawili, ile ya mdomo wa watu na ile ya sheria. Naona walifanya vizuri, hakuna aliyebaki nje.

Na kuna fasi ni kinyume, "war" ndiyo haikubali. Madini ni "conflict minerals". Hilo jina limekaa mu section 1502 ya ile sheria ya Marekani ya 2010, Dodd-Frank, wachimbaji wa huku wanaiita sheria ya Obama, inayotaja koltani, kasiterite, wolframite na dhahabu. Ukiandika "war minerals" mnunuzi ataelewa, lakini ataona hauzijui karatasi zake.

Jambo la mwisho hapa, kitenzi. Mu Kingereza vitu ndivyo vinafanya "conflict", watu hapana. "The two testimonies conflict", ushuhuda wa huyu na wa yule havipatani, safi. "The meetings conflict", mikutano miwili imewekwa saa ile ile, safi. "My neighbours conflict every night", aah, hiyo ni Kifaransa iliyovaa shati la Kingereza.

Battle, clash, fighting

Battle haitusumbui sana. Ni pigano moja ndani ya vita, liko na fasi na tarehe, ndiyo maana jina lake linaenda na mji: Battle of Tabora ya 1916 ndani ya First World War, Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, ikachukua Tabora kwa Wadachi. Camp Saïo yetu hapa mjini inakumbusha Battle of Saïo ya kule Ethiopia mwaka 1941. Kwa hiyo usiseme "the battle in eastern Congo" kwa miaka yote hii, hiyo ni war ao conflict. Watu wa magonjwa nao wameikopa, mtu akifa wanaandika "after a long battle with cancer".

Clash nayo ndiyo nina maneno nayo. Ni neno la wanahabari, fupi, linaingia vizuri mu kichwa cha habari, na linapendwa ju halisemi nani alianza. Kama kweli haujui nani alianza, basi litumie, ndiyo kazi yake. Makundi mawili yamekutana barabarani yakarushiana risasi, "clashes between two armed groups", hakuna shida. Lakini nimesoma raporo mingi sana fasi kijiji kimeingiliwa usiku, watu wako wamelala, nyumba zinachomwa na mbuzi zinabebwa, halafu mstari wa kwanza unasema "clashes were reported in the village". Clash inataka pande mbili zinazogongana. Yule mama aliyetoka mbio na mtoto mgongoni alikuwa upande gani? Hapo neno ni "attack", na kama waliingia, wakapora, wakarudi msituni, ni "raid". Watu wa mipango ya usalama wanaziweka mu safu tofauti za tablo yao, clash huku, attack against civilians kule, na wewe ukikosea safu, mwisho wa mwezi kile kijiji kinaonekana kama uwanja wa vita wa watu wawili waliotaka kupigana.

Mu michezo clash haina damu. "Mazembe clash with Lupopo" ni derby tu ya Lubumbashi, na huku vijana wakisema wanamuziki fulani "wanaklashiana" hiyo imetoka kwa Kifaransa ya vijana, mu Kingereza wenyewe watasema "they have beef", ao kama ni ya miaka, "feud".

Fighting: haina wingi, nukta. Ju siye tunawaza "mapigano", tunawaza "les combats", tunaandika "fightings", na hilo neno halipo vile. "Heavy fighting", "fighting broke out", "fighting resumed". Kuna wanaopenda "fighting erupted", ni sahihi kabisa, ila kwa raporo za Goma mimi naepuka, maana kule kitu cha ku-"erupt" kinajulikana, ni volkano ya Nyiragongo, kililipuka Mei 2021 na watu wakakimbilia Sake, mtu akisoma haraka anatafuta lava.

Fight na struggle

Hapa ndipo Kifaransa inatutega zaidi, ju "lutte" ni moja na Kingereza inaigawa. Angalieni mashirika. Ule mfuko mkubwa wa dunia uliozaliwa 2002, mu Kifaransa jina lake lina "lutte contre le sida, la tuberculose et le paludisme", mu Kingereza jina rasmi ni The Global Fund to Fight AIDS, Tuberculosis and Malaria. Fight. Sasa nenda kwa vijana wa LUCHA, walioanza Goma mwaka 2012, Lutte pour le Changement: magazeti ya Kingereza mengine yanaandika Fight for Change, mengine Struggle for Change, na yote yanapita. Kwa nini ugonjwa ni fight na mabadiliko yanaweza kuwa struggle?

Vile mimi naielewa: fight inaangalia adui na pigo, struggle inaangalia uzito na muda. Malaria ni adui, unaipiga na dawa na chandarua, unataka ife, basi fight against malaria, na fight against corruption pia. Kutafuta haki kwa miaka, leo unafungwa, kesho unaachiliwa, hauoni mwisho, hiyo ni struggle, ndiyo maana Afrika ya Kusini kipindi chote cha kupinga ubaguzi wanakiita "the struggle" bila kuongeza kitu. "Liberation struggle", "class struggle", "struggle for independence", zote za muda mrefu. Kwa LUCHA mimi ningeweka struggle, ingawa fight inapendeza zaidi ku tishati.

Kuna ndoa ingine ya kukariri, "power struggle". Wakubwa wawili wa chama kimoja wanavutana kiti, hata kofi haijapigwa, ni power struggle. "Fight for power" ipo lakini inafanya msomaji awaone wameshikana mashati.

Lakini kosa linaloumiza watu mu kutafuta kazi ni hili. "Struggle" ikifuatwa na kitenzi maana yake kuhangaika bila uhakika wa kufika: "Parents struggle to pay school fees", wazazi wanahangaika, wengine wanashindwa. Siye huku mtu akisema "najidebruye", Kifaransa "je me débrouille", anajisifu kidogo, article 15, ule mzaha wetu wa kila mtu ajitafutie, hali ngumu lakini nafika. Sasa anaulizwa ku interview, how is your English, anataka kusema najidebruye, anajibu "I struggle in English". Amesema kinyume kabisa! Amesema Kingereza inanishinda. Jibu alilotaka ni "I get by", ao "I manage". Ata mu raporo, ukiandika "the displaced women struggle with small businesses" umesema biashara zinawasumbua, wakati ulitaka kusema zinawasaidia kuishi, "the women get by with small businesses". Mfadhili mmoja ataleta formation ya biashara, mwingine ataleta mtaji, inategemea ile sentensi.

Fight nayo iko na mtego wake, kile kineno "with". "Congolese soldiers fought with the British in 1941": walipigana na Waingereza, ao walipigana pamoja nao? Historia inajua, walikuwa upande mmoja dhidi ya Waitaliano, lakini sentensi yenyewe haijui. Na Kiswahili ndiyo inatuponza zaidi, "kupigana na" kwetu ni dhidi. Mu raporo ya usalama usiache hiyo nafasi, ju kuna siku jeshi fulani litasoma kwamba lilipigana na mwenzake. "Fought against" kwa adui, "fought alongside" kwa mwenzako, "fight for" kwa kile unachokitaka, "fight over" kwa kitu mnachonyang'anyana, kama "they fought over a phone".

Fight tena ndiyo neno la ngumi. Ali na Foreman, Kinshasa, 30 Oktoba 1974, Wafaransa waliita "combat" na siye tukaimba boma ye, Kingereza ile ilikuwa "a fight", Ali akaimaliza raundi ya nane. "Combat" ya Kingereza imebaki kwa wanajeshi, "killed in combat", "combat zone". Ukisema majirani walikuwa "in combat" mu avenyu, mtu atafikiri walivaa kofia za chuma.

Dispute, quarrel, argument

Kama unafanya kazi na mambo ya ardhi, Kabare, Walungu, Kalehe, ao hapa mjini fasi kila mlima umeshajengwa, soma hapa mara mbili.

Chukua mifano miwili. Wa kwanza ni kaka na mdogo wake, baba amekufa ameacha parseli, mmoja anashika certificat d'enregistrement, ile hati rasmi ya ardhi, mwingine anashika karatasi ya kuuziana iliyosainiwa na shefu wa avenyu. Jumapili wanakaa benchi moja kanisani, wanapeana mkono, Jumatatu avoka wao wanakutana ku tribinali. Sauti haijapanda ata siku moja. Hiyo ni "a land dispute", na inaweza kudumu miaka ishirini. Wa pili ni wamotari wawili pale Feu Rouge, kila mmoja anasema mteja ni wake, mmoja anamtukana mwenzake mpaka nyumba ya mama, watu wanajaa, dakika tatu baadaye wote wamesahau. Hiyo ni "a quarrel", ao kwa kila siku "an argument". Wakishikana ni "a fight".

Mu Kifaransa wale wa Feu Rouge ndio "ils se disputent", na wale wa parseli wako na "conflit foncier". Unaona vile imegeuka? Ndiyo maana mtu anaandika "the couple had a dispute last night", Mwingereza anawaza avoka, na wakati huo huo anaandika "land conflict" kwa kaka wawili wapole wa karatasi. "Land conflict" ipo, sikatai, mashirika yanaitumia, lakini mimi ningeihifadhi kwa siku vijiji viwili vimetoka na mapanga. Kabla ya mapanga ni dispute. Na inashika "over": a dispute over a plot, over a boundary. Ya mishahara ni "labour dispute", ya nchi ni "border dispute".

Argument nayo angalieni. Kifaransa "argument" ni hoja tu, kitu cha akili. Kingereza ni hoja lakini pia ni kugombana kwa mdomo, na ukiweka "have" mbele imekuwa ugomvi. "I had an argument with my supervisor about the budget" maana yake mlifokeana. Kama ulileta hoja zako kwa heshima, "I made my case to my supervisor". Hii ingine tena inaponza watu ku interview, wanataka kuonyesha wanaweza kujitetea, wanaonekana wagomvi.

Mengine ya haraka. "Feud" ni uhasama wa familia ao wa watu maarufu, wa miaka, kila mmoja analipiza. "Scuffle" ni kusukumana, kama ku mlango wa stadi. "Brawl" ni ngumi za wengi, mara nyingi pombe imo. "Strife" ni neno la maandishi mazito, halina wingi, liache kwa wachungaji na wahariri. "Row" ni ya magazeti ya Uingereza, inasomwa kama "cow" ikiwa ni ugomvi na kama "go" ikiwa ni mstari wa viti, Wamarekani hawaitumii sana kwa ugomvi, na kwa raporo sioni kazi yake. Na "conflict" yenyewe, ikiwa jina sauti inapanda mwanzo, ikiwa kitenzi inapanda mwisho, Kifaransa inatuzoesha kupandisha mwisho kila mara.

Sasa tuone yote mu sentensi moja. Kuna namna inayoandikwa sana, inakuwa hivi: "The conflict between the two families created a conflict in the village and the population entered in conflict with the police." Msomaji anaona ukungu mtupu. Geuza: "A land dispute between two families led to a fight in the village, and residents clashed with the police." Sasa anaona vile ilianza na karatasi, ikapanda kwa ngumi, ikafika kwa polisi, na anajua ni fasi gani mtu angeweza kuizima. Ila ile "clashed" iulize kwanza kwa wale waliokuwepo. Kama vijana walirusha mawe, iache. Kama watu walikuwa wanakimbia na risasi zilitoka upande mmoja, ifute, uandike "the police fired at residents".